Toots ni soul au reggae? Kisa cha kanda niliyoiandika jina la marehemu

Mkuu mleta uzi umeuliza maswali matatu kwa mpigo: huyu Toots Hibbert wa Jamaika ni mwimbaji wa soul (ule muziki wa Wamarekani weusi wenye asili ya kanisani) au wa reggae, ni kweli yeye ndo katoa neno reggae, na kama ni kweli mbona huku kwetu kila kijiwe kina picha ya Bob Marley na Lucky Dube halafu yeye hata jina hatulijui. Nimepitia majibu, mmoja kaandika "soul", wa pili kaandika "reggae, we hujui muziki", baada ya hapo ni matusi tu mpaka ukurasa wa pili. Mi nitaandika kwa urefu, mtanisamehe, hilo swali la kwanza liliwahi kuniaibisha mbele ya watu na mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

Miaka ya tisini katikati nilikuwa Mwanza, nimemaliza la saba sikuchaguliwa, mjomba akanichukua nikae kwenye kibanda chake cha kurekodi kanda pale mjini upande wa Makoroboi. Vijana wa siku hizi mnaobonyeza simu wimbo unatoka hamuwezi kuelewa ile biashara. Mteja anakuja na karatasi kaandika nyimbo anazotaka, anachagua kanda ya dakika 60 au 90, anaacha hela, anarudi kesho kutwa. Sisi tuna deki mbili, spika moja imepasuka tumeibandika gundi, na kalamu ya Bic ya kurudishia kanda nyuma kwa mkono maana mjomba alikuwa hataki mota za deki zichoke. Kazi yangu nyingine ilikuwa kuandika majina kwenye majalada, nilikuwa na mwandiko mzuri, na hapo ndo tatizo lilipoanzia.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi mitambo kwenye meli za ziwani, zamani alikuwa baharia wa meli za nje. Akaleta kanda yake anataka nakala kwa sababu redio ya kwake imeanza kuitafuna. Kanda yenyewe haina jalada, maandishi yamefutika kabisa. Nikaitia kwenye deki. Kwanza unasikia watu wanapiga kelele ukumbi mzima, halafu linaingia lisauti zito lina mikwaruzo, linaunguruma, linalia, linakata neno katikati na kulimalizia kwa mguno, yaani mtu anaimba kama anasukuma gari bovu kupandisha mlima na anafurahia kulisukuma. Mi soul nilikuwa naijua kidogo, Otis Redding nilikuwa namjua kwa ule wimbo wa kukaa gatini anaangalia mawimbi, na kuna kanda yake nyingine pale kibandani ambayo alikuwa ananguruma vilevile. Nikasema hapa nimempata Otis yupo jukwaani. Bezi nilisikia ni ya reggae lakini nikajiambia labda ndo walivyokuwa wanapiga zamani. Nikaandika kwa herufi kubwa OTIS REDDING LIVE, nikachora na nyota pembeni, na kwa kuwa ngoma zilikuwa kali nikatoa nakala zangu za pembeni nikaanza kuwauzia watu. Niliuza kama 15 hivi.

Mzee kaja kuchukua mzigo wake. Kaangalia jalada, kanyamaza, kaniambia nipige. Nikapiga. Akaniuliza, "Huyu ni Otis?" Nikamwambia ndiyo mzee, shikamoo, ndo mwenyewe. Akasema, "Otis alikufa mwaka 67 kwa ajali ya ndege. Hii imerekodiwa London mwaka 80. Sasa niambie mwanangu, alifufuka lini mpaka akapitia London?" Watu waliokuwa pale kibandani walicheka mpaka mama ntilie wa jirani akaacha wateja wake akaja kuuliza kuna nini.

Lakini hakuniacha hivyo. Alikaa kwenye benchi akaniambia hujasikia vibaya, umeandika vibaya, huyu jamaa ndivyo alivyo, ukimsikiliza sauti peke yake utasema ni soul, ukisikiliza gita na bezi utasema ni reggae, na vyote ni sawa. Na ndo jibu langu kwako mkuu, swali lako la kwanza halina "au". Mwenyewe mwaka 1976 alitoa albamu akaiita Reggae Got Soul, yaani mtu kashakujibu kwenye jalada.

Sasa tuanze mwanzo. Jina kamili Frederick Nathaniel Hibbert, kazaliwa Desemba 8, 1942 mji wa May Pen, Clarendon, huko Jamaika. Wazazi wake wote wawili walikuwa wahubiri Wasabato tena wale wenye msimamo mkali. Wa Kanda ya Ziwa mkisikia Wasabato mnajua kabisa maana yake, mtoto wa mhubiri hana Jumamosi ya kucheza, yeye ni kwaya na Biblia. Kwaiyo ile sauti haikutengenezwa studio, ilitengenezwa kanisani, akiwa mdogo anaimba na ndugu zake. Bahati mbaya wazazi walifariki mapema, akifika miaka 11 hivi ameshakuwa yatima, akaenda kukaa kwa kaka yake Kingston kwenye mtaa wa Trenchtown, ndo uleule mtaa aliokulia Bob. Hata hilo jina la Toots alipewa na huyo kaka.

Trenchtown akawa kinyozi. Hapa napapenda sana. Anakata nywele anaimba, watu wanakuja wengine hawana hata nywele za kukata wanakuja kusikiliza. Hapo ndo wakakutana na Raleigh Gordon na Jerry Matthias wakaunda kundi la watu watatu, The Maytals, mwanzoni mwa miaka ya sitini, kipindi Jamaika inapata uhuru wake 1962. Wakaenda kwa Coxsone Dodd, mwenye Studio One, wakarekodi wakipigiwa na bendi ya The Skatalites. Muziki wa wakati huo ni ska, ule wa mbio, lakini ukisikiliza wanachoimba utacheka, nyimbo zinaitwa Hallelujah, na kuna moja anataja vitabu vya Musa kimoja baada ya kingine, Mwanzo, Kutoka, Walawi, kama mtoto wa shule ya Sabato anayesoma kwa kukariri mbele ya wazee. Yaani mahubiri yaleyale yamevalishwa ngoma ya disko. Na mpangilio wa sauti ni wa kanisani pia, Toots anatupa mstari, Raleigh na Jerry wanaitikia. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kwaya au kwenye ngoma za kijijini hahitaji kuelezwa hicho kitu.

Baadaye wakahama kwa Coxsone, wakapita kwa maprodyuza wengine, Prince Buster halafu Byron Lee. Mwaka 1966 Jamaika wakaanzisha shindano la wimbo wa sherehe za uhuru na washindi wa kwanza kabisa walikuwa The Maytals, na wimbo wao Bam Bam. Wengi mnadhani Bam Bam ni ya Sister Nancy, ile ya 1982 inayopigwa mpaka leo kila sehemu, hapana, Nancy alichukua kiitikio huku. Ya Toots ina ujumbe wa kiume hivi wa kistaarabu: mimi simgusi mtu, ila ukinigusa utajua hujui.

Basi bwana, mwaka huohuo wa ushindi akakamatwa, kesi ya bangi, akafungwa. Mwenyewe maisha yake yote alishikilia kwamba alionewa. Fikiria, wimbo wako ndo umetoka kushinda taifa zima, nchi nzima inauimba, na we upo ndani unavaa namba. Wangapi wangeishia hapo. Yeye alipotoka akatengeneza wimbo wa namba ya mfungwa, 54-46 That's My Number, 1968. Kama hujawahi kuusikia funga huu uzi uusikilize kwanza halafu urudi. Unaanza kama afande anamwamuru, simama, weka mikono juu, halafu anasema kwamba yeye hakuwa na kosa, halafu katikati anawaamuru wapigaji wampe pigo moja, anawaamuru mawili, matatu, manne, na kila akiomba wanampa. Mi nilipokuja kuwa DJ wa disko la wikiendi baadaye kidogo nilikuwa nautumia kupima ukumbi. Hata watu ambao hawajui neno moja la Kiingereza, hapo kwenye kuhesabu wanahesabu. Jamaa kachukua kitu cha kudhalilisha kuliko vyote, kuitwa kwa namba, kakifanya watu wakicheze. Hakuna kulia wala hotuba ya siasa mule.

Huo wimbo aliurekodi kwa prodyuza anaitwa Leslie Kong, Mjamaika mwenye asili ya Kichina, yeye na ndugu zake walikuwa na duka la aiskrimu na santuri linaitwa Beverley's hapo Kingston. Msimdharau huyu muuza aiskrimu, ndo aliyemrekodi Bob Marley wimbo wake wa kwanza 1962, na Israelites ya Desmond Dekker ni mkono wake. Kwa Kong ndo Maytals walitoa vitu ambavyo mpaka leo bendi za Wazungu wanavirudia: Pressure Drop, Monkey Man, Sweet and Dandy, na hii inayohusu swali lako la pili, Do the Reggay ya 1968.

Kuhusu neno sasa, nisikilizeni vizuri maana hapa ndo watu wanapigana. Hakuna mtu mmoja aliyeugundua muziki wa reggae. Ska ilikuwa ya mbio, ikapungua mwendo kama 1966 ikawa rocksteady, halafu 1968 wapigaji wa Kingston wakabadilisha tena, kinanda kikawa kinachezacheza, bezi ikawa nzito, ikaja kitu kipya ambacho hakina jina. Hiyo ni kazi ya wanamuziki wengi wa studio, wengine hata majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Alichofanya Toots ni kwamba yeye ndo aliyeliweka neno kwenye jina la wimbo, na huo ndo unaohesabiwa kuwa wa kwanza kulibeba. Maelezo yake mwenyewe hayana ukubwa wowote, anasema mtaani walikuwa na neno streggae, la kumsema mtu ambaye hajajiweka vizuri, mavazi hovyohovyo, wakawa wanapiga stori na kutaniana, wakalifupisha wakasema tucheze reggay. Basi. Ni kama singeli au mchiriku, jina limetoka uswahilini kwa utani, baadaye maprofesa wanakuja kuliandikia vitabu. Na we angalia, mtu kaupa jina muziki wa dunia nzima na mi sijawahi kusikia amedai alipwe kwa hilo neno.

Sweet and Dandy ngoja niiseme kidogo maana ndo ninayoipenda kuliko zote na ilishinda tena lile shindano la taifa 1969. Ni harusi tu. Bibi harusi yupo chumbani analia, bwana harusi yupo chumba kingine ana wasiwasi, ndugu wanawasukuma jamani watu wameshafika, na watu wenyewe wamevaa nyeupe wamekuja kula keki ya watu, na anakutajia mpaka bei ya keki, pauni 1 na shilingi 10. Hivi hiyo siyo harusi ya kwetu? Mi kila nikiisikia namuona shangazi yangu amekaa karibu na meza ya keki toka saa nane. Ndo utofauti wake na wenzake, wengine walikuwa wanaimba mambo ya Kirasta, Babeli na Sayuni, yeye anaimba jirani yake. Monkey Man ni mwanamke kamkimbia kaenda kukumbatiana na jamaa ambaye yeye anamuona nyani. Pressure Drop alisema ni wimbo wa kisasi lakini kisasi kisicho na ngumi, yaani umenidhulumu, sawa, mi sikufanyi kitu, litakushukia lenyewe. Bibi yangu alikuwa na dua ya hivyohivyo.

Monkey Man iliingia kwenye chati za Uingereza 1970, nafasi ya 47, siyo kubwa lakini mlango ukafunguka. Halafu 1972 ikatoka muvi ya The Harder They Come, ya Perry Henzell, mhusika mkuu akiwa Jimmy Cliff, na kuna sehemu yule kijana anaingia studio anakuta The Maytals wanarekodi Sweet and Dandy. Tafuteni hicho kipande, ni kifupi tu. Angalia anavyoimba, macho, shingo, halafu angalia kijana anavyowatazama. Jimmy Cliff hapo haigizi, yeyote angewatazama hivyo.

Kong akafariki ghafla 1971 kwa moyo, ana miaka 37 tu. Pigo lile. Wakarudi kwa Byron Lee, halafu Chris Blackwell, mwenye kampuni ya santuri ya Island Records, akawachukua, na jina likawa Toots and the Maytals. Albamu ya Funky Kingston ikatoka 1973, In the Dark 1974, Wamarekani wakauziwa mchanganyiko wa zile mbili 1975 kwa jina hilohilo la Funky Kingston. Humo ndo kuna Country Roads ya John Denver, ile ya wazee wa Jim Reeves na Kenny Rogers mnaoshindana kuiimba baa usiku wa manane, Toots kaitoa West Virginia kaipeleka West Jamaica, na naapa haisikiki kama utani, inasikika kama yatima wa May Pen anataka kurudi nyumbani. Wakenya wanaopenda kantri na reggae kwa pamoja sijui kwanini hawajaifanya wimbo wao wa taifa wa pili.

Sasa swali la tatu, mbona hatumjui. Mi nina maoni yangu, mnaweza kunipinga. Island walikuwa na Bob na walikuwa na Toots kipindi kimoja. Bob walimuuza kama mwanamuziki wa roki, wakaongeza magita, picha nzuri, albamu zenye hadithi moja toka mwanzo mpaka mwisho. Toots huwezi kumuuza hivyo, yeye ni mtu wa jukwaani, ukimuweka kwenye picha unapoteza nusu. Marekani 1975 na 1976 wakamtanguliza kwenye maonyesho ya The Who, bendi ya roki ya Uingereza, mashabiki wa roki wamekuja kuwasubiri wababe wao, wanaletewa Mjamaika anahubiri, hawakumwelewa vizuri. Halafu kuna Afrika. Bob alikuja Zimbabwe 1980 kwenye uhuru, aliimba ukombozi wakati Kusini mwa Afrika moto unawaka, sisi tukamchukua kama ndugu, na haki yake. Lucky Dube alikuwa wa kwetu wenyewe. Toots anaimba keki ya harusi na demu kaenda kwa nyani, sasa kwenye redio ya serikali ya wakati ule hiyo utaipanga kwenye kipindi gani? Mbali na hapo kanda zake hazikuwa zinafika, mi kwa miaka mitatu kibandani hiyo ya mzee ndo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho.

Na ile kanda yenyewe nilikuja kujua baadaye ilikuwa ni nini. Septemba 29, 1980 walipiga Hammersmith Palais London, onyesho likarekodiwa, usiku huohuo likakimbizwa kiwandani, na ndani ya saa 24 santuri ziko madukani. Mwaka 1980! Mjomba wangu na deki zake mbili alikuwa anachukua siku tatu kwa kanda moja. Uingereza wakati huo vijana wao walikuwa wameshamchukua kabisa, bendi ya panki The Clash walishairudia Pressure Drop, bendi ya ska The Specials Monkey Man, na miaka mingi baadaye Amy Winehouse naye Monkey Man. Ndo maana mleta uzi unakuta Yutubu inamchanganya, mara inakupeleka panki, mara soul, mara ska.

Miaka ya themanini mwanzoni wale watatu wakaachana. Kuna kipindi kirefu hapo sina ya kusema sana, nyakati zilikuwa za dansiholi, ile reggae ya kuchana, mashine zimeingia. Ila 1988 alifanya kitu ambacho kwangu ndo kinamaliza ubishi wa uzi huu. Alipanda ndege akaenda Memphis, mji wenyewe wa soul ya Kusini, na Sly na Robbie kwenye ngoma na bezi, prodyuza Jim Dickinson, akarekodi nyimbo za soul za kulekule, za Otis, za Al Green, wakapiga na wapiga gita wa kulekule. Toots in Memphis. Kuna wimbo wa Otis humo, wa ndoto za kukumbuka, nilipousikia mara ya kwanza nilisimama katikati ya chumba nikacheka peke yangu kama kichaa. Kumbe lile jalada langu lilikuwa limetangulia tu! Toots anaimba Otis, jina lipo sahihi kwa nusu. Laiti ningekuwa bado na namba ya yule mzee.

Tuzo ya Grammy aliipata kwa albamu ya True Love ya 2004, wamekuja kuimba naye wakubwa kina Eric Clapton, Keith Richards, Willie Nelson, Bonnie Raitt. Albamu nzuri lakini kwa maoni yangu usianzie hapo, ni kama kwenda kwa mtu ukamkuta ana wageni, hamtaongea vizuri.

Kitu kilichonifanya nimheshimu kama mtu, mbali na muziki, ni cha 2013. Mwezi wa tano alikuwa anaimba tamasha la wazi Richmond, Virginia, kijana wa miaka 19 kwenye umati akarusha chupa ya vodka ikampata kichwani. Akashonwa kwa pini 6. Mzee wa miaka 70. Kidonda kilipona lakini yeye hakupona, kichwa kinauma, kizunguzungu, anasahau maneno ya nyimbo zake mwenyewe, na kubwa kuliko yote akawa anaogopa umati, mtu ambaye umati ndo ulikuwa chakula chake. Maonyesho yote yakafutwa. Kesi ikafika mahakamani, na Toots akamwandikia hakimu barua. Alieleza alivyoumia, hakuficha, halafu akaomba yule kijana asifungwe, kwamba bado mdogo, na kwamba yeye maumivu yake yataongezeka akijua kijana yuko gerezani kwa sababu yake. Hakimu alimpa miezi 6 hata hivyo. Nilipoisoma hiyo habari nilirudi moja kwa moja kwenye 54-46. Huyu ni mtu aliyewahi kuitwa kwa namba, hakumtakia mwingine, hata aliyempasua kichwa. Mi binafsi sijui kama ningeweza, nadhani ningetaka afungwe na miezi iongezwe.

Alikaa nje ya jukwaa kama miaka mitatu, akarudi 2016 akiwa na miaka 73, mikwaruzo ileile. Serikali yao ilikuwa imeshampa nishani ya Order of Jamaica 2012. Na mwaka 2020 akafanya kitu cha ajabu, aliingia tena kwenye shindano la wimbo wa taifa, lilelile aliloshinda 1966, miaka 54 baadaye, akashindana na watu wanaoweza kuwa wajukuu zake. Alifika fainali, ila mshindi akawa Buju Banton. Mtu mwenye Grammy ndani anajaza fomu ya mashindano, aisee. Agosti 28 mwaka huo akatoa albamu mpya, Got to Be Tough, amesaidiana na Zak Starkey, mtoto wa Ringo Starr wa The Beatles. Wiki mbili tu baadaye, Septemba 11, akafariki Kingston, korona ndo iliyokuwa imemlaza, ana miaka 77. Mwaka uliofuata ile albamu ikapewa Grammy, yeye hayupo.

Kwaiyo mkuu ukitaka kumsikiliza anza na Funky Kingston ile ya Marekani, ukimaliza nenda kwenye nyimbo za Leslie Kong zote unazozipata, halafu ile ya Hammersmith kwa sauti kubwa, mchana, majirani wakiwa kazini. Memphis weka mwisho. Na wale wawili wanaotukanana ukurasa wa kwanza nyote mko sahihi, ombaneni radhi tuendelee.

Ngoja nimalizie na hili. Usiku zilipotoka habari za kifo nilikuwa Dar, simu ikaita namba ya Mwanza siijui. Jamaa anajitambulisha, tulikuwa tunacheza naye mpira, mmoja wa wale 15 niliowauzia. Miaka zaidi ya 20 hatujaongea. Anasema amesikia redioni wanapiga nyimbo za mwanamuziki aliyekufa na korona huko Jamaika, na anazijua zote mpaka sehemu za watu kushangilia, akatoka mbio kwenda kutoa kanda kabatini. "Sasa nakuuliza," akasema, "huyu Toots na Otis wako ni ndugu?"

Nikamwambia subiri kidogo nikae.